Habari za Milango ya Nyonga, na Mlango Uliofunguliwa Kahura

Mtu akaaye Rubwera, katika Wilaya ya Kyerwa iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hana safari ndefu akitaka kuyaona maji ya Mto Kagera, ambao hapo hupita baina ya milima yetu na nchi ya Rwanda kabla haujageuka kulielekea Ziwa Viktoria. Na maji hayo, yakiisha kutoka ziwani huko Jinja, huchukua jina la Naili, yakapita Bunyoro, yakaingia Sudan Kusini, Sudan na Misri, hata yakaishia katika Bahari ya Mediterania. Historia nitakayoisimulia imekaa kandokando ya maji hayo, kama wasafiri wa msafara mmoja waliopiga kambi mahali mbalimbali: kambi moja iko Misri ya kale, nyingine Bunyoro, na nyingine Karagwe penyewe. Habari yenyewe ni ya tundu zilizomo katika nyonga ya mwanadamu, jambo ambalo wengi hulionea haya kulitaja, ingawa hakuna hata mmoja wetu ambaye hakuanza safari ya dunia kwa kupita hapo, au kwa kupitishwa kando yake.

Maulamaa wa Ulaya waliupa mfupa wa nyonga jina la Kilatini lenye maana ya beseni. Lakini beseni hilo, lau lingepelekwa sokoni, lisingepata mnunuzi, kwa kuwa halina kitako na limetoboka pande zote. Limeundwa kwa mifupa miwili mikubwa, wa kulia na wa kushoto, ambayo kila mmoja utotoni ulikuwa vipande vitatu, yaani bawa la juu, mfupa wa kikalio na mfupa wa kinena, vilivyokutana katika kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja na kushikana kabisa mtoto alipobaleghe. Mbele mifupa hiyo huungana kwa gegedu penye kinena. Nyuma hubanwa na mfupa wenye umbo la kabari, uliotokana na pingili tano za uti wa mgongo zilizogandamana, na ncha ya kabari hiyo ndipo kinaponing'inia kifandugu.

Tundu zake ni nyingi kuliko adhaniavyo mtu. Katika kabari ile mna jozi nne za vitundu vinavyopitisha mishipa ya fahamu. Mbele, chini ya kikombe cha paja, kila upande pana dirisha kubwa la mfupa ambalo Mola amelifunga kwa utando mgumu, akaacha upenyo mdogo tu upande wa juu kwa ajili ya mshipa wa fahamu na mishipa ya damu iendayo ndani ya paja. Nyuma, baina ya kabari na mfupa wa kikalio, pana pengo ambalo kano mbili zenye nguvu zimelikata likawa milango miwili, mkubwa juu na mdogo chini. Na kwa mlango mkubwa hutoka mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini, ushukao nyuma ya paja hata unyayoni. Uko tena mshipa mwembamba, wenye kazi ya kuzipa hisia sehemu za siri na kuvitawala vizuizi vya haja, ambao mwendo wake ni wa ajabu: hutoka kwa mlango mkubwa, ukauzunguka mwiba wa mfupa wa kikalio, kisha ukarudi ndani kwa mlango mdogo, mfano wa mtu aliyetoka kwa ukumbini akaingia tena kwa uani. Jirani na mlango ule mkubwa ndipo sindano zilipoleta huzuni katika nchi zetu, zama kwinini ilipokuwa ikidungwa matakoni, maana mtoto aliweza kupona homa akabaki na mguu wa kuburuta. Ndiyo sababu muuguzi hufundishwa kuligawa tako mafungu manne na kudunga fungu la juu upande wa nje, mbali na mshipa.

Walakini tundu hizo zote ni vichochoro, na mlango mkuu ni ule wa katikati, njia ya mtoto. Mlango huo una kizingiti cha juu na kizingiti cha chini, na shida yake yote imo katika jambo moja, kwamba vizingiti hivyo havikulingana umbo. Cha juu ni kipana kwa ubavu, takriban sentimita 13 kutoka kushoto hadi kulia, na sentimita 11 tu kutoka mbele hadi nyuma. Cha chini ni kinyume chake, sentimita 11 kwa ubavu na kama 13 kutoka mbele hadi nyuma wakati kifandugu kinapojisogeza. Kichwa cha mtoto aliyetimia miezi kina upana wa sentimita 9 na nusu, na urefu wake ni zaidi. Basi mtoto huingia ameelekeza uso ubavuni kwa mama yake, hushuka, hujiinamisha kidevu kifuani, hugeuka, kisha hutoka akiwa ameupa uso mgongo wa mama. Hana tofauti na kitanda cha samadari kinachoingizwa katika nyumba ya mlango mwembamba, ambacho wachukuzi hukilaza, wakakipinda, wakakisimamisha, na ambacho hakipiti kwa nguvu bali kwa kugeuzwa. Kazi hii imetupata sisi kwa sababu tunatembea kwa miguu miwili na tuna vichwa vikubwa.

Kichwa kisipogeuka, au mlango ukiwa mwembamba mno kwa sababu mama hajamaliza kukua, au alipata matege ya utotoni, au alizaliwa hivyo, utungu huweza kuendelea siku mbili au tatu bila ya kuleta mtoto. Muda wote huo kichwa hukikandamiza kibofu juu ya mfupa wa kinena, damu isipite, na nyama iliyokosa damu hufa. Baada ya siku chache nyama ile hudondoka ikaacha tundu ambalo Mola hakuliumba, na mkojo ukaanza kuvuja usiku na mchana bila ya hiari. Aghalabu mtoto amekwisha kufa, na mara nyingine mguu mmoja wa mama hubaki ukiburuta kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo ilibanwa. Huo ndio ugonjwa wa fistula.

Kambi yetu ya kwanza iko Misri. Mwaka 1935 Douglas Derry, aliyekuwa profesa wa maumbile ya mwili huko Kairo, alitoa habari za maiti iliyokaushwa ya Henhenit, mwanamke wa jamaa ya Mfalme Mentuhotep wa Pili, aliyezikwa Deir el-Bahari miaka kama 2050 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Derry aliiona nyonga yake ni nyembamba isivyo kawaida, na baina ya kibofu na njia ya uzazi akakuta mpasuko mkubwa. Bibi huyo alikuwa na watumishi, na vito, na jeneza la fahari ndani ya hekalu la mfalme, na vyote hivyo havikumwongezea hata nusu sentimita ya mlango.

Katika Misri hiyo hiyo, zaidi ya miaka 3,000 baadaye, Abdul-Latif wa Baghdadi alishuhudia njaa kuu ya mwaka 1200 na miaka iliyofuata, ambayo ilijaza mifupa ya watu katika viunga vya mji. Tabibu huyo hakupita akiziba pua. Aliichunguza mifupa ile kwa macho na mikono yake, akaona kwamba taya la chini ni mfupa mmoja wala si miwili kama alivyoandika Jalinus, tabibu wa Kiyunani, na kabari ya nyonga nayo akaitazama kwa makini, maana katika hesabu ya pingili zake pia hakuridhika na maneno ya vitabu. Kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuonya katika kitabu chake cha Qanun kwamba mke aliyeolewa mdogo mno akishika mimba, kibofu chake chaweza kupasuka wakati wa kuzaa, na kwamba kuvuja huko hakutibiki hata kufa. Nasaha yake ilikuwa mke wa namna hiyo asaidiwe asipate mimba. Ningependa wale wanaowaoza mabinti kabla ya nyonga zao kukomaa wajue kwamba onyo hilo halikuletwa na ofisi yoyote ya leo.

Wazungu nao walichelewa. Kwa karne nyingi waliamini kwamba mifupa ya kinena huachana wakati wa uzazi, kama milango miwili ifunguliwayo na bawabu. Hendrik van Deventer, mtu wa Uholanzi, aliandika mwaka 1701 juu ya nyonga zilizobapa, na William Smellie, Mskoti aliyesomesha ukunga London, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1752 namna ya kuipima njia kwa vidole, kutoka ukingo wa chini wa mfupa wa kinena hadi kwenye mchomozo wa juu wa kabari. Kidole kisipoufikia mchomozo, njia ni pana ya kutosha. Kikiufikia kwa wepesi, pana hatari. Mfaransa Sigault, mwaka 1777, alijaribu kuikata gegedu ya kinena mwenyewe ili bawabu wa hadithi awe kweli. Lakini kujua kwamba mlango ni mwembamba si kuwa na mlango mwingine, na wanawake waliopasuliwa tumbo huko Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 walikufa wengi kupita kiasi, kwa damu na kwa usaha. Hata watabibu wengi waliona ni afadhali kukivunja kichwa cha mtoto tumboni kuliko kumchoma mama kisu.

Kipimo cha Kizungu kiliingia Karagwe mwezi wa Novemba 1861, wasafiri John Hanning Speke na mwenziwe James Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika na kupokewa kwa ukarimu ambao Speke mwenyewe aliusifu. Katika nyumba za wakuu Speke aliwakuta wanawake walionenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama vyema, akaomba ruhusa ya kumpima mmoja wao kwa utepe: mkono sentimita 58, paja sentimita 79, na kifua, na shavu la mguu, na kimo. Alipima kila kitu isipokuwa kile ambacho kingemfaa mwanamke yule kupimwa. Mwezi wa Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda, akamwacha Grant Karagwe kwa sababu ya mguu uliovimba na kutunga usaha, na kwa miezi kadhaa Mskoti huyo alikuwa mgonjwa mikononi mwa waganga wa Rumanyika. Alipopata nafuu aliondoka, lakini amebebwa kwa machela. Wala hakuna aliyefikiri wakati ule kuwauliza waganga wale wanajua nini zaidi.

Aliyeuliza, au tuseme aliyetazama, alikuwa Robert Felkin, kijana wa Kiingereza aliyeacha masomo yake ya utabibu Edinburgh kwa muda ili aende Buganda na misheni ya Kanisa la Uingereza. Hakuja kwa njia ya pwani kama Speke, bali aliupanda mto Naili kupitia Sudan, akawasili kwa Kabaka Mutesa mwanzoni mwa mwaka 1879. Katika mwaka huo huo, mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro, alihudhuria jambo ambalo daktari wa Ulaya hakuwahi kuliandika juu ya bara hili.

Mama alikuwa na umri wa miaka kama 20, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, kichwa kikielekea ukuta wa nyumba, amekwisha kunyweshwa pombe ya ndizi hata akawa nusu ya kulewa, na kifua chake na mapaja yake yamefungwa kitandani kwa nguo ya magome ya mti, ile mbugu ambayo Bahaya nao waliijua vyema. Mtu mmoja alishika vifundo vya miguu, na mwingine akalituliza tumbo. Mpasuaji alisimama upande wa kushoto, kisu mkononi, midomo ikisoma maneno ya dua yake. Na kabla ya yote aliiosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Joseph Lister alikuwa ametangaza usafi wa dawa katika upasuaji miaka 12 tu nyuma, na palikuwa na mabingwa huko London waliokuwa bado wakimcheka.

Mpasuaji akapiga ukelele, watu waliokuwa nje wakaupokea, naye akapasua kwa mkupuo mmoja kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini kidogo ya kitovu. Palipotoka damu paliguswa kwa chuma chekundu cha moto, kwa uangalifu na si kwa fujo. Msaidizi akazishika kingo za jeraha ziachane, mji wa mimba ukapasuliwa, mtoto akatolewa na kupokewa, na kitovu kikakatwa. Hapo mpasuaji alikitupa kisu, akaukamata mji wa mimba kwa mikono miwili na kuukamua mara mbili tatu ili ujikaze. Akatia mkono ndani, akaupanua kwa vidole mlango wa mji wa mimba kutoka juu kwenda chini, ili damu itakayobaki ipate njia ya kushukia, akaondoa madonge ya damu na kondo la nyuma kwa jeraha la tumbo. Jambo hilo la kuupanua mlango wa chini kutoka juu ndilo linanistaajabisha kuliko chuma cha moto. Mtu hawezi kulibuni kwa bahati siku moja. Sharti awe anajua tundu zote mbili za njia ile, na awe amepata kuona, katika mgonjwa aliyekufa, matokeo ya kuiacha damu ikose pa kutokea.

Mji wa mimba haukushonwa. Jeraha lilifunikwa kwa mkeka wa nyasi, mama akageuzwa ubavu ili maji yaliyomo tumboni yamwagike, akarudishwa chali, na kingo za tumbo zikashikizwa kwa sindano saba za chuma, nyembamba na zilizosuguliwa zikang'aa, zikakazwa kwa uzi wa mbugu. Juu yake palipakwa dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa, likafunikwa jani la mgomba lililopashwa moto, na mwisho ukafungwa mkanda wa mbugu. Felkin aliandika kwamba mama hakulia mpaka sindano zilipoanza kupita, na saa moja baadaye alionekana ametulia. Mtoto alitiwa ziwani baada ya saa mbili; alikuwa na mkato mdogo begani, nao ulipona siku ya nne. Homa ya mama haikupanda ila usiku wa pili, ilipofika digrii 38 na kitu. Siku ya tatu iliondolewa sindano moja, siku ya tano tatu, siku ya sita zilizosalia. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona.

Mwezi wa Januari 1884 Felkin alisoma habari hizi, pamoja na michoro aliyoichora, mbele ya chama cha wakunga madaktari huko Edinburgh, mji ule ule ambamo James Simpson alianza mwaka 1847 kuwapunguzia mama utungu kwa klorofomu. Wasikilizaji wake walikuwa watu wa zamani za mabadiliko: mwaka 1876 Eduardo Porro wa Pavia alikuwa ameokoa mama kwa kumtoa mji wa mimba wote, na mwaka 1882 Max Sänger wa Leipzig akaonyesha kwamba mji wa mimba washoneka bila ya kutolewa. Kahura ilisimama baina ya hao wawili: haikushona kama Sänger, lakini pia haikumnyima mama uzazi wake kama Porro. Mwaka 1959 J. N. P. Davies, aliyekuwa profesa Makerere, aliichambua habari hiyo upya, akaiona kuwa ni ushahidi wa utabibu uliokua katika ufalme wa Bunyoro-Kitara kwa kujaribu na kusahihisha. Nami naafiki, na nazitazama sindano zile saba. Nchi zilizokuwa chini ya kivuli cha Kitara, Karagwe ikiwa mojawapo, zilijua chuma tangu kale. Makao ya wafalme wa Karagwe huko Bweranyange yalihifadhi sanamu za ng'ombe na nyundo, zote za chuma, zilizofuliwa kwa ufundi mkubwa. Mhunzi awezaye kuufua mwiba mwembamba ukang'aa ni nusu ya mpasuaji, na nusu nyingine ni yule mganga, ambaye Felkin hakuliandika jina lake. Wala la mama hakuliandika.

Baada ya hapo utawala wa kigeni ulikuja na hospitali zake na vyeti vyake, na ilimu ya Kahura haikupewa cheti. Katika Tanganyika huru, tangu mwaka 1963, walianza kufundishwa madaktari wasaidizi, watu wasio na shahada ya chuo kikuu, na hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za bara. Mwaka 1972 Hugh Philpott, akifanya kazi Salisbury ambayo sasa ni Harare, alitoa chati yenye mistari miwili ya mshazari, wa kuonya na wa kuchukua hatua, ambayo mkunga hufuata kwayo saa baada ya saa mlango wa mji wa mimba unavyofunguka na kichwa kinavyoshuka. Kigoma, Godfrey Mbaruku na wenziwe walitengeneza mambo madogomadogo katika hospitali ya mkoa, damu, dawa, vifaa, bidii ya watu, na vifo vya wazazi vikashuka kutoka 933 hadi 186 katika kila watoto hai 100,000, baina ya 1984 na 1991.

Kyerwa na Karagwe zina hospitali za misheni, Isingiro na Nyakahanga, na kabla ya barabara kupata magari mama aliyekwama aliletwa huko kwa machela, mabegani mwa wanaume wanane waliopokezana mlima baada ya mlima, na migomba ikiwapiga usoni. Mkunga aliyempokea alitia vidole viwili kutafuta mchomozo wa kabari, kama alivyofundisha Smellie. Na pale vidole vilipoufikia upesi mno, aliitwa mwenye kisu. Siku hizi wapasuaji wengi hukata kwa ubavu, chini, mahali ambapo kovu hufichika. Lakini wako mabibi wa milimani kwetu ambao kovu lao limesimama wima, kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini kidogo ya kitovu.